Taarifa Kwenye Kona ya Skrini

Mpiga picha mmoja alipenda kuambiwa kila kitu. Ukinakili faili kwenye kompyuta yake, tii! Ukihamisha, tii! Ukifuta, tii! Na kikasha kilekile cha taarifa kinachomoza konani mwa skrini.

"Mimi hunisikilizi hivyo, Baba Kipusa," mkewe alimtania.

Adhuhuri moja, mume akiwa anamega mkate kwa mikono yote miwili, mbali na kibodi, tii! *Faili moja imehamishwa.*

"Nani kakugusa wewe?" akaiuliza kompyuta.

Akafungua picha za harusi aliyopiga juzi. Mjomba wa bwana harusi, lile pande la mtu lililoziba wageni watatu, hayupo. Pengo tupu. Akampigia bwana harusi.

"Mjomba? Sina mjomba, kaka."

Akacheka, kicheko cha aliyekanyaga nyoka akidhani kamba. Chumba kikanuka nywele zilizoungua.

Tii! *Folda imehamishwa: Kipusa.*

Akakurupuka, akapiga kumbo kiti, akaingia chumbani kwa bintiye na kukuta hakuna kitanda, hakuna viatu, hakuna hata zile alama za penseli ukutani walizompimia urefu, ila mkewe tu amekaa sakafuni anakunja nguo za watu wawili.

"Mama Kipusa, mtoto yuko wapi?"

"Mama nani?" akanong'ona mkewe. "Miaka yote nimelia kwa kukosa mtoto, leo ndiyo unanidhihaki?"

Mganga aliitwa. Alinusa mlangoni, mkoba hakuufungua.

"Jini huyu simwezi. Ila ana adabu, anaaga. Anayesoma taarifa ndiye anayebaki na kumbukumbu. Usiizime, mwanangu. Ukiizima, utawasahau hata waliokwisha kwenda."

"Na akimfuata mke wangu?"

"Utajua. Angalau atakuwa na wa kumlilia."

Alivumilia. Lakini kila alipoita "Kipusa" usingizini, mkewe aliziba masikio na kulia, naye akawa mfiwa wa mtu asiyejulikana, mfiwa asiye na matanga. Mwisho uchungu ukamshinda, akaingia kwenye mipangilio ya kompyuta na kuzima taarifa zote.

Kimya. Akalala fofofo.

Asubuhi aliamka mwepesi, akipiga mluzi. Akajimiminia kikombe kimoja cha chai, kama kapera yeyote. Alipotandika kitanda, mkono wake ukagusa upande wa ukutani. Upande huo, asikolala yeye, ulikuwa bado na joto.

"Jua la leo kali," akasema, akafunga pazia.