Tovuti Mpya Iliyofukuza Wateja

Kila asubuhi Kalaiselvi alifungua karakana yake mjini Coimbatore, kusini mwa India, akanywa kahawa, kisha akasoma maulizo ya wateja yaliyoingia kupitia tovuti. Karakana ilitengeneza mashine za mawe za kusagia mchele na choroko. Wanawake tisa walipata riziki yao hapo. Maulizo yalikuwa kumi kwa siku, pengine kumi na mawili.

Kisha Prabhu, fundi wa tovuti, akaleta tovuti mpya. Ilipendeza kama bibi harusi. Lakini maulizo yaliyojazwa kwenye fomu ya tovuti yakakatika siku ileile, na simu nazo zikapungua wiki hadi wiki.

"Vuta subira, mama," Prabhu alisema. "Watu wataizoea."

Kalaiselvi akavuta subira. Wiki ya tatu, wanawake wanne walikaa bila kazi.

Jumatatu moja akaingia Rukmini, mpishi wa dosa, chapati nyembamba za mchele na choroko, kutoka mji wa Madurai. Alikuwa amesafiri saa tano kwa basi, mkononi ana mkanda wa mashine uliokatika.

"Kumbe mko hai," alisema. "Ukurasa wenu wa vipuri niliuhifadhi kwenye simu. Nikiufungua, naambiwa haupo. Nimejaza fomu mara tatu, kimya. Mteja wenu wa miaka minane ndivyo mnavyomfanyia?"

Kalaiselvi aliona aibu. Akamwomba radhi, akampa mkanda mpya. Mgeni alipoondoka, hasira ikampanda. Akaenda nyumba ya pili kwa Nasreen, aliyetunza tovuti ya chuo.

Nasreen akaikagua tovuti kwenye kompyuta yake.

"Dada, kila ukurasa una anwani yake, kama nyumba. Wateja wanaijua. Mitambo ya kutafutia mtandaoni nayo inaijua. Huyu amebomoa nyumba themanini, akajenga nyingine kwa anwani mpya, wala hakuacha kibao cha kuelekeza njia."

"Na fomu?"

"Inapeleka ujumbe kwenye barua pepe ya majaribio. Ya Prabhu mwenyewe."

Kalaiselvi akamwita Prabhu palepale, naye akaja. "Maulizo ya wateja wangu umeyakalia wiki tatu?"

"Nilisahau kubadilisha, mama."

"Na ukurasa wa vipuri?"

"Ulikuwa na maneno mengi. Ulichosha macho, nikaufuta."

"Macho ya nani? Uliangalia ni wangapi walioufungua?"

Prabhu akakiri kwamba hakuangalia.

"Nusu ya wageni wenu walipitia hapo," Nasreen alisema. "Hesabu hizo hutazamwa kabla ya kugusa kitu. Tovuti mpya nayo hujaribiwa pembeni kwanza, kabla wateja hawajaiona."

Kwa bahati, nakala ya tovuti ya zamani ilikuwepo. Prabhu akaorodhesha kurasa zote. Kila anwani ya zamani akaielekeza kwenye ukurasa mpya wenye habari ileile. Alipotaka kuzielekeza zote kwenye ukurasa wa mbele, Nasreen akamkatalia: "Mtu anatafuta mkanda, unamwacha sebuleni?" Ukurasa wa vipuri ukarudi na maneno yake yote. Fomu akaielekeza kwenye barua pepe ya karakana, wakaijaribu kwa simu tatu tofauti. Kalaiselvi naye aliwajibu wateja wote waliosahauliwa, mmoja mmoja. Kila siku walitafuta anwani zilizobaki zimekatika, wakazirekebisha.

Maulizo hayakurudi kwa siku moja. Wiki ya kwanza manne kwa siku, ya tatu saba. Wiki ya saba yakafika kumi na matatu, na wanawake wote tisa walikuwa kazini.

Prabhu akaja kuomba asifiwe kwa wafanyabiashara wengine.

"Nitakusifu," Kalaiselvi alimjibu, "siku utakapojifunza kuuliza kabla ya kubomoa."