Wambeti Amwambia Nesi

Kila asubuhi wanawake wa kijiji kipya huko Kanja walichimba handaki la kukizunguka. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipowafungia watu vijijini. Hakuna aliyetoka kijijini bila barua ya ruhusa. Wambeti alichimba akiwa na mtoto wake Munyi mgongoni. Mume wake alikuwa kizuizini.

Siku ya Jumatatu Munyi alianza kuhara. Jumanne nesi Mzungu akaja na gari. Hakujua Kiswahili. Akamwuliza Wambeti, "How are you?"

Salamu hiyo Wambeti aliijua. Kwao mtu hujibu kwanza kwamba ni mzima. Shida husemwa baadaye, mkishakaa. Akajibu kwa adabu, "Fine." Nesi akatabasamu, akamwita mwingine.

Alhamisi jioni Munyi alitoa damu. Hakuwa na nguvu hata ya kulia. Wambeti akamkimbilia jirani yake, Felicitas, aliyewahi kufua mashuka katika hospitali ya misheni na kuokota Kiingereza huko. Akamsimulia yote.

"Nesi alikuuliza, nawe ukasema mzima?"

"Sasa ningemrukia na choo cha mtoto kabla ya salamu?"

Felicitas akacheka. Alipomwona Munyi, akaacha kucheka.

"Mpe maji yaliyochemshwa, kidogo kidogo, usichoke. Na kesho nesi akija, usingoje akuulize mara ya pili. Ana watu wengi. Mwambie mtoto ana nini, anatoa nini, tangu lini."

"Lakini Salesio ndiye askari anayetulinda tukichimba. Ni shemeji yangu! Nitatajaje kuhara mbele yake?"

"Salesio anajua Kiingereza?"

"Hata kidogo."

"Basi sema kwa Kiingereza! *My child is sick*: mtoto wangu ni mgonjwa. *Running stomach*: anahara. *Blood*: damu. *Five days*: siku tano, kesho zitatimia."

Asubuhi Wambeti alichimba akinong'ona. Jembe moja, *running stomach*. Jembe la pili, *blood*. Kila baada ya muda alimpa Munyi maji kwa kijiko.

"Mama Munyi, unaongea na udongo?" wenzake wakamtania.

"Udongo haunicheki," akajibu.

Saa sita nesi akafika. "How are you?"

Wambeti akamfungua Munyi mgongoni. Salesio alikuwa amesimama karibu.

"My child is sick. Running stomach. Blood. Five days."

Nesi hakutabasamu. Alimshika Munyi, akavuta ngozi ya tumbo lake kuona kama amekaukiwa maji, akaandika barua haraka. Kisha akawafungulia mlango wa gari.

"Shemeji, umemwambia nini huyu?" Salesio akauliza.

"Nimemwambia mtoto wa ndugu yako anaumwa."

Salesio akapokea jembe lake. "Nendeni. Nitalitunza."

Baada ya siku tisa walirudi kutoka hospitali ya Embu. Munyi alikuwa mwembamba, lakini alilia kwa sauti kubwa akitaka uji. Felicitas alikuwa mlangoni na kibuyu cha uji.

"How are you?" akauliza.

Wambeti akamtazama mtoto akinywa.

"Fine," akasema. Safari hii ilikuwa kweli.