Karabai au Kandili

Jua lilipozama nilipanda ngazi kwenda kufungua paa la chumba cha darubini. Mawingu yalikuwa yamefuta nyota zote. Upande wa bondeni nikaona taa.

Iling'aa, ikafifia... ikang'aa, ikafifia. Pigo refu, pigo fupi.

Mguu wa mtu ukipita mbele ya taa aliyoishika, mwanga hupepesa hivyo. Na mwenye pigo refu na pigo fupi anachechemea.

Mume wangu alikuwa akichechemea.

Alikuwa fundi mitambo hapa kituoni. Miezi mitatu nyuma nilichelewa kazini, akachukua taa, akatoka nyumbani kunifuata. Hakufika. Njia ya kituoni hupita ukingoni mwa bonde; chini huko watu walikuta kiatu tu.

Kazi yangu ni kujua umbali kwa mwanga. Pembezoni kabisa mwa galaksi yetu zimetawanyika nyota kongwe zinazovimba na kunywea, ziking'aa na kufifia. Za aina moja zina nguvu sawa, kwa hiyo inayoonekana hafifu ndiyo iliyo mbali. Ukizipima moja moja, unachora umbo la pembezoni kote. Basi nikaipima taa ile vivyo hivyo. Mita mia tano. Moyo ukatulia kidogo. Aliye mbali hivyo humwogopi, unamlilia tu.

Nilishuka nyumbani, hatua chache kutoka kituoni, nikamweleza mama mkwe. Akasema umbali wa nyota zote naujua, wa mume ndio umenishinda. Hakuwa anacheka. Kisha akanong'ona:

"Umepima kwa taa ipi, mwanangu?"

"Karabai."

"Karabai iko uvunguni mwangu. Alitoka na kandili."

Nikaketi. Ni kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Ukidhani taa dhaifu ni yenye nguvu, utaiweka mbali sana. Nikapiga hesabu upya. Mita sabini, na hiyo ni wakati ule nilipokuwa bado juu kituoni.

Naye alikuwa anatembea.

Buu... ti. Buu... ti.

Harufu ya mafuta ya taa ikapenya chini ya mlango. Mama mkwe akanishika mkono. Sikufikiri. Nikaizima taa yetu iliyokuwa dirishani.

Hatua zikasimama.

"Mke wangu..." Ilikuwa sauti yake, imechoka. "Mbona umezima? Nilikuwa naifuata hiyo."

Tungeweza kujibu. Mimi ni mkewe, yule ni mama yake mzazi. Hakuna aliyefungua kinywa. Hatua zikaizunguka nyumba, mkono ukigusa ukuta huku na huku kama wa mtu anayepapasa gizani, kisha zikashuka bondeni.

Zilipopotea, nikaiwasha taa. Nikafungua mlango, nikamwita mpaka sauti ikakauka.

Tangu siku hiyo taa yetu haizimwi. Kila magharibi nasimama dirishani na mama mkwe, na kila magharibi ile ya bondeni ni hafifu kuliko jana. Mama huniuliza amefika wapi. Ndiyo kazi yangu, ningepaswa kujua.

Sijui kama anazidi kwenda mbali, au mafuta yanamwishia.