Alama Isiyochorwa na Mtu

Enyi mliokusanyika, tulieni mnisikilize kwa hofu ya Mungu. Rafiki yangu Kuriakose alikuwa mchoraji ramani katika hospitali moja ya mji wa Kottayam. Kazi yake ilikuwa kuunganisha kila alama ya mtungi wa kuzimia moto, katika mchoro wa jengo uliomo kwenye kompyuta, na kumbukumbu za mtungi huo katika kanzidata. Alipaswa kwanza kuuona mtungi wenyewe. Hakwenda, alinakili orodha ya zamani na kuandika: umekaguliwa.

"Kaka, mitungi umeiona au umeiota?" alimchokoza Aleyamma, mwenzake wa ofisini.

"Mitungi haina miguu, dada. Itakwenda wapi?"

Mchana huo alama asiyoichora ilijitokeza mchoroni, kwenye ghorofa iliyo chini ya wodi ya wagonjwa wasioweza kutembea. Akaifuta, ikarudi. Mchoro ule waliweza kuufungua wao wawili tu, naye akamtupia Aleyamma jicho la shaka.

"Acha mchezo wako!"

"Mchezo gani, kaka? Mikono yangu imejaa wali!"

Akashuka kuhakikisha. Umeme ukakatika. Gizani akasikia chuma kikigongwa taratibu, ngo, ngo, kikimtangulia ukutani, kisha kimya. Akawasha tochi ya simu. Pale palipoonyeshwa na alama, ndoano ya ukutani ilikuwa haina mtungi. Palining'inia kadi ya ukaguzi tu, yenye tarehe ya siku ile na saini yake mwenyewe. Alipoigusa, wino mbichi ulimchafua kidole.

Ndugu yangu uliyetilia saini usichokiona, kuna watu wamelala juu ya neno lako. Inuka sasa, ushuke ukatazame.