Maji ya Brashi

Kwanza ilikuwa harufu. Jawahir aliinua brashi zake, akanusa, akakunja uso: zilinuka nywele zilizoungua. Tena zilikuwa chepechepe, ilhali aliziosha jana yake Magharibi akazilaza juu ya kitambaa. Na joto la Garissa si la mchezo, shuka hukauka kabla hujaanika ya pili.

Kuchora ndiko kulikomburudisha akitoka ofisini. Siku zote aliosha brashi kwa maji baridi na sabuni, akizizungusha kiganjani, akizichonga ncha kwa vidole. Wiki hiyo uvivu ulimwingia, rangi ikagandia mpaka kwenye mashina ya nywele. Basi akachemsha maji, akazichovya, akaenda kuyamwaga yangali yanafuka, nyuma ya jiko chini ya mgunga, mdomo kimya. Haraka haraka haina baraka, jamani!

"Hooyo, mkono unauma," Iftin, bintiye wa miaka sita, akamwita mamake kutoka mkekani.

Malengelenge, kutoka vidoleni hadi kiwikoni. Na jiko lilikuwa halijawashwa tangu asubuhi.

Shamso, mama yake Jawahir, aliutazama mkono ule akashusha sauti. "Jana maji ya moto ulimwaga wapi?"

"Nyuma, mgungani."

"Ulisema Bismillahi?"

Jawahir akaangua kilio. Tangu utotoni alikuwa akiambiwa: maji ya moto hayamwagwi chini kimyakimya, wasije wakaungua wenye makao yao humo.

Sheikh Abdirizak alifika baada ya Alasiri. Alianza kumsomea mtoto Kurani, na kadiri alivyosoma ile harufu ilizidi kuwa nzito, ikajaa chumba, ikawakaba koo, malengelenge yakapanda begani na shingoni, mpaka kinywa cha Iftin kikafunguka na sauti ya mwanamke mzima ikatoka humo.

"Wangu mmemchemsha. Ngozi yote imembambuka."

"Kosa ni langu," Jawahir akanong'ona. "Nichukue mimi. Mwanangu niachie, wallahi nakuomba."

"Mtoto kwa mtoto."

"Toka!" sheikh akaamuru, akasoma kwa nguvu zaidi. Mlango ukajibamiza. Malengelenge yakanywea mbele ya macho yao, ngozi ikarudi laini.

"Ametoka," alisema sheikh akijifuta jasho. "Alhamdulillahi."

Jawahir akamkumbatia binti yake. Mtoto hakumkumbatia. Alikuwa akiigeuza mikono yake, juu na chini, kama mtu anayejaribu nguo ya Idi.

"Ngozi nzuri," akasema. "Hii haiumi."

Hapo ndipo waliposikia kilio nyuma ya jiko, chini kabisa ya udongo.

"Hooyo! Hooyo, naungua!"

Ilikuwa sauti ya Iftin. Jawahir alipiga magoti pale mgungani akachimba kwa kucha mpaka zikatoa damu, na kila alivyochimba, sauti ilizidi kwenda chini.