Mama Fagio Afagia Msitu

Jogoo wa jirani alipowika, uwanja wa Mama Fagio ulikuwa umekwisha kufagiwa. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu wa maneno mengi. Shemeji alidai kwamba nyumba ile ukiinua mguu, ukiushusha utakuta pameshafagiwa. Watu walicheka, jina likashika. Mwenyewe hakuchukia. Usafi haujawahi kumuua mtu, alisema, na uwanja wake ulimpa raha kila asubuhi.

Mumewe alikuwa fundi seremala. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, imejaa misumeno, randa na harufu ya mbao. Mikono yake ilikuwa mizuri, lakini mbao zilimtesa. Msitu wa kijiji ulikuwa karibu, mwendo wa dakika ishirini tu. Miti ilikuwepo, tena mizuri. Ila msitu ule haukuwa na mpango wala kibali. Hakuna aliyeruhusiwa kukata, kwa hiyo kila aliyekata aliiba.

Mwaka ule milango ya Fundi ilikamatwa mara mbili kwenye kizuizi cha barabara kuu. Kila mara askari wa kizuizi aliuliza swali moja.

"Kibali kiko wapi?"

Fundi hakuwa nacho. Alirudi nyumbani mikono mitupu, akaanza kuwakwepa wateja wake kama mwizi.

Kisha ikaja habari njema. Aliileta afisa kijana wa misitu, ambaye kijijini walimwita Bibi Misitu. Kwenye mkutano wa kijiji alieleza polepole ili kila mtu aelewe.

"Sheria inaruhusu kijiji kukabidhiwa msitu wake," alisema. "Mnaunda kamati. Mnaandika mpango na sheria ndogo. Halafu mfuko wa misitu unawasaidia kwa miaka mitatu: mishahara ya walinzi, vifaa, alama za mipaka. Ila Alhamisi ijayo wakaguzi wa mfuko watakuja kuuona msitu. Wasiporidhika, kuna mfanyabiashara mwenye malori ameshaomba apewe yeye."

Watu waliguna. Mfanyabiashara huyo hakuwa wa pale, na malori yake hayakujulikana kwa huruma. Wakamchagua Mama Fagio kuwa mwenyekiti wa kamati, na siku hiyo hiyo kamati ikaandika sheria ndogo za kwanza kwenye daftari. Yeye alirudi nyumbani moyo ukimdunda kwa furaha.

"Baba, msitu utakuwa wetu," alimwambia mumewe. "Utakata kwa haki. Utapita barabara kuu mchana kweupe."

"Wakaguzi wakikubali," Fundi alijibu.

"Watakubali. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Niachie mimi."

Na mgeni akija, mwenye nyumba hufanya nini? Hufagia.

Jumatatu asubuhi Mama Fagio aliongoza kamati nzima msituni, watu kumi na wawili na vifaa vyao. Walibeba mapanga, mafyekeo, reki na fagio. Walifyeka kila kilichokuwa kifupi. Walikokota majani makavu, wakayarundika na kuyachoma pembeni. Waliimba, walitaniana, jasho likawatoka. Kufika saa nane mchana, eneo kubwa kama uwanja wa mpira lilikuwa linang'aa. Miti mikubwa ilisimama peke yake, na chini ungeweza kutandika mkeka. Mama Fagio alishika kiuno akatazama kazi yake. Hakuwahi kuona msitu mzuri kama ule.

Hapo Bibi Misitu akatokea. Alikuja kuangalia mipaka. Alisimama, akaweka mkoba wake chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaonaje?"

Bibi Misitu alifungua mkoba wake. Alitoa kamba na vigingi vinne, akawapeleka sehemu ambayo haijafyekwa. Akapima mraba, hatua kumi kwa kumi.

"Mama, nihesabie miti midogo iliyomo humu. Hata ile yenye unene wa kidole."

Mama Fagio aliinama akahesabu. Alipata arobaini na mitatu. Wakarudi walikofyeka, wakapima mraba mwingine.

"Na humu?"

Mama Fagio alitazama chini. Palikuwa safi kabisa. Hapakuwa na hata mmoja.

"Mti mkubwa ukikatwa, ni hii midogo inayochukua nafasi yake," Bibi Misitu alisema kwa upole. "Hakuna aliyeipanda. Imejiotea. Ukiifyeka, umekata msitu wa wajukuu zako. Majani nayo ni blanketi la udongo. Yanashika maji ya mvua, yakioza yanakuwa mbolea. Wakaguzi hawaji kutazama usafi, mama. Wanakuja kuhesabu."

Mama Fagio aliketi kwenye kisiki. Aliona aibu, na alimwogopea mumewe. Ni yeye, kwa mikono yake, aliyemkaribisha mwenye malori.

Shemeji naye alikuwemo kwenye kamati. Alikohoa.

"Shemeji, msitu ni mkubwa. Alhamisi tuwapitishe njia ya juu. Huku hawatafika."

Wengine waliitikia kwa vichwa. Mama Fagio mwenyewe alitamani kukubali. Akamgeukia Bibi Misitu.

"Tukifanya hivyo?"

"Huenda wasione," alijibu. "Lakini fedha za mfuko ni za kuanzia tu. Miaka mitatu ikiisha, msitu utajilipia wenyewe. Atakayevuna mti atalipa ushuru, na ushuru utamlipa mlinzi. Nani atalipa ushuru kwa kamati inayoficha?"

Mama Fagio alisimama, akakung'uta kanga yake.

"Sheria yetu ndogo ya tatu inasemaje?"

"Anayekata miti michanga atafanya kazi ya msitu siku nne," mmoja alisoma kwenye daftari.

"Basi tumekata. Tuanze leo."

Shemeji alilalamika kwamba hajawahi kusikia mtu akijifunga mwenyewe. Lakini alishika jembe. Siku zile walichimba mashimo na kusimamisha vigingi vya mipaka. Walipima miraba ishirini kwa kamba, wakaandika hesabu ya kila mraba. Na kadiri walivyohesabu ndivyo walivyochangamka. Walikuwa wameishi na msitu ule tangu utotoni, lakini hawakujua una utajiri kiasi kile. Hata Shemeji alianza kubishana kuhusu nani amepata mraba wenye miche mingi zaidi.

Alhamisi wakaguzi watatu walifika. Mama Fagio aliwapeleka moja kwa moja mahali palipofyekwa. Aliwaeleza kila kitu. Mkubwa wao, mzee wa miwani na buti, alishangaa.

"Mbona umetuonyesha ubaya wenu kwanza?"

"Kwa sababu hapa ndipo tulipojifunza," alijibu. "Na adhabu tumeshaanza kuitumikia. Hii ni siku ya nne."

Mzee alifungua daftari la kamati. Akachagua miraba mitano, akaihesabu upya mwenyewe. Hesabu zililingana. Alivua miwani akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Nimekagua misitu mingi," alisema. "Sijawahi kukuta kamati iliyojihukumu kabla sijafika."

Barua ya kukubaliwa ilikuja baada ya wiki sita. Mama Fagio aliisoma mara tatu kwa sauti, mara ya tatu akiwa anacheza.

Makabidhiano yalichukua miezi saba. Mpango uliruhusu miti mikubwa kumi na minne kwa mwaka, kutoka sehemu moja tu, huku sehemu nyingine zikipumzika. Pale palipofyekwa pakaachwa kabisa, na mvua ilipokuja miche ikaanza tena. Walinzi wawili waliajiriwa. Siku ya kuvuna mti wa kwanza, Bibi Misitu aligonga gogo kwa nyundo yenye alama ya kijiji, na baadaye mbao zake pia. Fundi alilipa ushuru, akapewa kibali chenye muhuri.

Mbao zilipokauka na kazi ilipoisha, alipakia milango sita kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Mama Fagio alipanda naye. Walifika kwenye kizuizi saa sita mchana, jua la utosi. Askari alikuwa yule yule.

"Kibali kiko wapi?"

Fundi alimpa. Askari alisoma, akatazama alama kwenye mbao, akasoma tena. Akainua kizuizi.

"Pita, mzee. Safari njema."

Mkokoteni ulipita. Baada ya hatua kumi hivi, Fundi aliwasimamisha ng'ombe, akashuka, akarudi kwa askari huku anatabasamu.

"Afande, samahani. Nikague tena."

"Kwani kuna tatizo?"

"Hakuna," Fundi alisema. "Ndiyo maana."