Nilichomficha Daktari Kuhusu Kifua cha Mume Wangu

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri wangu miaka arobaini na mitatu. Naishi Doonside, magharibi mwa Sydney, Australia, na kazi yangu ni kutunza wazee. Sisi ni Warundi tuliokulia kambi ya wakimbizi, Kigoma, ndiyo maana lugha ya nyumbani kwetu ni Kiswahili. Nawaandikia kwa aibu, lakini nitaeleza polepole, ili hata mmoja wenu aepuke kosa langu.

Mwaka ule wa pili wa korona, mume wangu Ezekieli alichanjwa dozi ya pili ili aendelee na kazi yake ya ghala. Siku ya tatu kifua kikaanza kumbana. Kutoka stesheni hadi nyumbani ni dakika kumi tu, lakini akawa anasimama mara tatu, ameshika uzio wa watu...

Nikampeleka kliniki. Daktari alitaka kumpigia mkalimani wa simu, huduma ya bure. Nikakataa! Nilisema mimi ni mkewe, natosha. Ukweli ni kwamba wakalimani wa Kiswahili hapa ni watu tunaofahamiana. Niliogopa habari zetu zifike kanisani kabla yetu.

Daktari akauliza hali. Ezekieli, kama alivyolelewa, akaanza na shukrani.

"Mwambie namshukuru Mungu, sijambo. Ila kifua kinabana sana nikitembea."

Nikatafsiri shukrani. Kifua nikakiacha...

Kwa nini? Siku zile mgonjwa akilazwa, hakuna kumwona. Shemeji wa jirani yetu aliingia hospitali kwa miguu yake, tukamuaga kwenye simu, akafia humo. Nikajidanganya kwamba Ezekieli atapumzika nyumbani, nitamkanda, atapona. Daktari akauliza tena: hana maumivu ya kifua kweli? Nikajibu hana.

Wiki tatu baadaye alianguka bafuni. Moyo ulikuwa umevimba na kuchoka. Madaktari walisema huenda ni chanjo, huenda ni kitu kingine. Kazi ya ghala ikaishia hapo. Mwanaume aliyekuwa akibeba maboksi kutwa, leo kapu la nguo linamshinda!

Tukasikia serikali ina mpango wa kuwalipa fidia walioumizwa na chanjo. Tukaenda kwa mwanasheria, Liverpool ya hapa hapa Sydney. Ezekieli alivaa suti yake ya harusi, kwa matumaini. Yule mama mwanasheria akamweka mkalimani kwenye simu, kisha akasoma faili la kliniki. Sauti ya simu ikatafsiri neno kwa neno:

"Siku ya tano baada ya chanjo. Mke anatafsiri. Mgonjwa anaendelea vizuri. Hana maumivu ya kifua."

Ezekieli akanigeukia. "Mama Neema... si nilikwambia kinabana?"

Na ile sauti, kwa kuwa ndiyo kazi yake, ikamtafsiria mwanasheria hata hilo! Ningejificha wapi?

Niliandika maelezo ya kukiri, nikaapa na kutia saini. Tukangoja miezi. Jibu likaja kwamba kilichoandikwa siku ile kina uzito kuliko kinachosemwa baadaye. Dai limekataliwa.

Ndugu zangu, siwaambii mkatae chanjo. Mimi na wanangu tumechanjwa, tuko salama. Ninachowaomba ni hiki: daktari akikuuliza hali, hakusalimii. Mwambie panapouma na lini palianza, kisha hakikisha ameandika. Mkalimani amefungwa na kiapo cha siri, mkubali. Na wewe unayemtafsiria mzazi au mwenzi wako, usimchagulie maneno. Ukikosea leo, rudi kesho ukaseme. Unaweza, mwenzangu, muda bado unao!

Wangu umekwisha. Siku hizi Ezekieli huomba mwenyewe mkalimani wa simu, nami hungoja kwenye korido. Tukifika nyumbani namuuliza anajisikiaje. Hunitazama kidogo... kisha hunijibu kama anavyowajibu wageni.

"Namshukuru Mungu, sijambo."